Nilivyomsaidia Mwalimu Mkuu Kutawala

Jumatano, 10 Septemba 2003

Winfrida amekuwa Mwalimu Mkuu! Mwanangu! Wa tumbo hili hili! Shule nzima kule Likunja, Ruangwa. Walimu wanne, watoto mia tatu na kitu, funguo zote za ofisi!

Haya, daftari, habari za tangu Pasaka. Nisamehe, nilikutupa. Mbaazi, msiba wa wifi, goti. Sasa nimerudi, maana mambo makubwa lazima yaandikwe, na darasa la nne la enzi zetu lilikuwa darasa la nne kweli.

Barua imeletwa na mtu wa baiskeli kutoka Nachingwea. Nimeisoma mara tatu ndani. Mara ya nne nimeisomea uani, kwa sauti, karibu na uzio wa Mama Lukasi. Mama Lukasi mwanawe ni karani wa ghala, basi mwaka wa pili huu Marambo nzima hatupumui. Leo kaja mwenyewe, mchi bado mkononi. Akaniomba barua aione. Akasema hongera, jirani, ila mbona hapa wameandika Kaimu? Nikamweleza kwamba kaimu ni neno la heshima, wanaliweka mbele ya cheo kama vile Mheshimiwa. Karudi kwake kutwanga. Alitwanga polepole sana.

Barua ina shida pia, nisifiche. Wilaya imeshaleta mabati na saruji ya darasa jipya. Wanakijiji watoe matofali elfu kumi na mbili. Afisa elimu anakuja kuyahesabu Ijumaa tarehe 26. Yasipotimia, mabati yanahamia kijiji kingine, darasa la kwanza wanabaki kwenye kibanda cha nyasi, na Winfrida anarudi kuwa mwalimu wa kawaida. Mpaka sasa wanayo mia tisa. Watu wanaitwa, hawatokei.

Hawatokei! Nimemwambia Baba Winfrida hao wanataka mkono wa mama. Amesema mwache mtoto afanye kazi yake. Silvanus ni mume mzuri, simsemi, lakini hata mbuzi wake hawamsikilizi.

Keshokutwa naondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefika. Kiroba cha unga wa muhogo, korosho debe moja, kanga mpya ya kuvaa siku ya matofali.

Nilipoingia uwanja wa shule nikamkuta msichana mmoja kwenye shimo, udongo mpaka magotini, anakanyaga. Nikamwambia we dada, hebu toka hapo ukaniitie Mwalimu Mkuu, mwambie mama yake mzazi amefika. Akageuka. Winfrida!

Mwalimu Mkuu kwenye tope! Pamoja naye walimu wawili na mama mmoja mnene, Bi Mwamini, anayeshika kalibu na kufyatua tofali moja moja kama anapika vitumbua. Wote wanne ndiyo kijiji kizima. Huyo Bi Mwamini akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akaniletea muhogo wa kuchemsha hata hivyo. Watu wa namna hiyo siwapendi.

Wakati wa chakula nikampa mwanangu somo. Kiongozi aogopwe. Mimi nimelea watoto sita kwa jicho moja tu, hili la kulia. Winfrida akasema kwanza anataka kujua kinachowazuia watu. Nikamwambia uvivu. Akasema hapana, Mama, watu wanaoamka alfajiri kila siku si wavivu. Aliyemtangulia aliandika orodha ya wasiotokea, akaisoma mkutanoni mbele ya watoto wao. Baada ya hapo hata wale waliokuwa wanakuja wakaacha.

Nikamwambia alisoma kwa sauti ndogo.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimekusanya kijiji kizima kwa dakika kumi. Aandike afisa elimu!

Kengele ya shule ni kipande cha reli, ile ya enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza, kinaning'inia kwenye mti nje ya ofisi. Winfrida alikwenda kanisani. Mimi goti liliniuma, nikabaki. Nikaona nondo pale chini. Nikagonga. Nikagonga vizuri, kwa nguvu, mfululizo, mpaka sikio likaziba.

Wakaja! Mbio! Wanaume na mapanga, wanawake na ndoo za maji, wengine na mchanga, mzee mmoja na godoro. Bi Mwamini mbele, nguo imegeuka nje ndani, anauliza ni wapi, ni wapi panaungua. Nikapanda kwenye jiwe. Nikawatangazia kwamba panapoungua ni kwenye heshima yao, na kwa kuwa wamekwisha kuja na maji, basi yamwagwe kwenye udongo, kazi ianze.

Wakatazama paa moja moja, wakitafuta moshi.

Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba huku reli ikilia saa isiyo ya shule, ni moto au ni msiba. Hakuna la tatu. Mimi ningejuaje? Kwetu Marambo tunapiga kelele kwa mdomo.

Wakaondoka mmoja mmoja. Maji yao wakaondoka nayo, wameyashika kwa mikono miwili. Hata tone hawakumwaga. Ubahili!

Winfrida aliporudi akashinda anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Jua lote lile. Nikamwambia kiongozi haombi radhi, anasahau. Akanitazama kama anavyonitazama baba yake. Lakini nakuuliza, daftari: ni nani kabla yangu aliwahi kuwaleta mia mbili?

Jumanne, 16 Septemba

Vita ya ndoo.

Pampu ya kijiji ni moja na inatoa maji kama inatoa machozi. Wanawake wanapanga ndoo tangu alfajiri, ndoo inasimama badala ya mtu. Nilikwenda saa moja, nikakuta ndoo kama arobaini. Nikaiweka yangu mbele ya zote. Nikawaeleza kwa upole kwamba hii ni ndoo ya mama wa Mwalimu Mkuu.

Wakasema karibu. Nikainama kufunga kanga. Nilipoinuka, ndoo yangu ni ya mwisho. Nikairudisha mbele. Nikageuka kumsalimu mtu. Ya mwisho tena! Mara ya tatu nikamwona: Bi Mwamini, anaisogeza kwa mguu huku anaimba. Nikamwambia wewe mama hujui mimi nani? Akasema nakujua, dada yangu, wewe ndiye moto wa Jumapili.

Wakacheka foleni nzima. Wengine walikaa chini.

Nilirudi na ndoo tupu. Winfrida akauliza maji yako wapi. Nikamwambia pampu imeharibika. Nikashinda na kiu.

Jumatano, 17 Septemba

Siandiki mengi. Aibu. Lakini daftari huwa halisemi, basi acha niandike yote.

Nimegundua kwamba ufunguo wa kijiji hiki ni Mzee Halfani, mwenyekiti wa kitongoji. Akitoka yeye, wanaume wote wanatoka. Yeye hatoki. Nikampeleleza: mke wake Mmwera, Kimwera anakimwaga kama maji, majirani wote Wamwera. Basi ni Mmwera! Na sisi Wamakua na Wamwera ni watani tangu mababu. Mtani huhitaji kumwandikia barua. Unamchukulia kitu chake, unamtukana, anakutukana, mnacheka, ombi lako limepita. Winfrida na seminari zake hawezi kuwa na maarifa haya.

Nikaenda. Sikubisha hodi, watani hawabishi. Nikapita mpaka uani, nikamkamata jogoo wake mwekundu, nikambana kwapani, nikaja kusimama mbele ya mkeka alipokaa anasokota kamba. Nikampa yote: "We mtumwa wangu! Babu yangu alikununua kwa kopo la chumvi na bado alipunjwa! Jogoo huyu anakwenda kuliwa na Mwalimu Mkuu. Unamtaka? Mfuate kwenye matofali!"

Nikasubiri acheke.

Mkewe alicheka kidogo, akamtazama mumewe, akaacha.

Mzee akaweka kamba chini. Akaniuliza, kwa Kimakua, Kimakua cha Masasi cha ndani kabisa, kwamba mimi kwa upande wa mama ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Sauti ilikuwa imeshaanza kupungua. Akasema ndio wake. Akamtaja bibi yangu kwa jina. Akamtaja mama yangu, marehemu, kwamba alikuwa dada yake mkubwa wa ukoo na ndiye aliyembeba mgongoni walipokuwa wanahama. Yeye alikuja huku kuoa, akabaki.

Mjomba wangu! Nimemwita mjomba wangu mtumwa! Nimemwambia babu alipunjwa!

Magoti yote mawili yakashuka yenyewe, pamoja na lile bovu. Nikasema shikamoo, mjomba. Akasema marahaba. Jogoo bado kwapani, naye akaitikia.

Akasema jogoo nimwachie. Akasema adhabu yangu ataifikiria. Halafu akasema nimlete huyo mwalimu, anataka kuona kama na yeye ni hivi hivi.

Ijumaa, 19 Septemba

Winfrida alikwenda kwa mjomba jana jioni. Mimi niliambiwa nikae mlangoni, ninyamaze. Nilinyamaza karibu muda wote.

Nilidhani atasema habari za mabati na afisa elimu. Hakusema. Aliuliza wameshindaje, akauliza habari za mguu wa mkewe, akasikiliza habari nzima ya mguu huo tangu ulipoanza. Mimi nina goti, hakuna aliyeniuliza. Ndipo akamuuliza mzee, babu, tunakosea wapi? Mjomba akamjibu kwamba yeye akimwambia atasahau. Aende kwenye pampu na ndoo, akae kwenye foleni mpaka mwisho, halafu arudi wazungumze.

Na akaenda! Leo saa kumi na moja alfajiri! Mwalimu Mkuu! Nilimfuata kwa mbali na kanga usoni. Nikadhani sasa watampisha, maana mwenye cheo mwenyewe amefika. Wakampisha kweli, Bi Mwamini wa kwanza. Akakataa! Akaweka ndoo yake nyuma ya zote, akakaa chini kati yao, akapewa mtoto wa mtu kushika. Niliuma kanga.

Alitoka pale saa nne na ndoo moja. Moja!

Kumbe, anasema, tofali linakunywa maji. Aliyemtangulia alihesabu matofali, akahesabu watu, ndoo hakuzihesabu. Maji ya udongo yote yalitakiwa yachotwe na wanawake kwenye pampu hiyo hiyo, baada ya maji ya kupikia, ya kufulia na ya wagonjwa. Mwanamke akienda kwenye matofali, nyumbani hakuna uji. Basi wakabaki nyumbani, na waume zao wakabaki nao, kwa aibu ya kwenda kumwaga maji ya wake zao kwenye tope. Niliporuka kwenye jiwe Jumapili na kusema maji yamwagwe, anasema, niliona yale macho?

Sikuona macho. Niliona watu mia mbili.

Akaenda kwa mjomba kumwambia. Mjomba akaita watu. Sasa matofali hayafyatuliwi tena shuleni. Yanafyatuliwa bondeni kwenye korongo, ambako bado kuna dimbwi la ng'ombe na udongo mzuri. Yakikauka wanaume watayapandisha kwa baiskeli. Kazi itaanza saa nne, pampu ikishapumzika, na wenye watoto wachanga waje wakitaka.

Wakitaka! Nimemwambia ukiweka neno "wakitaka" hakuna atakayetaka.

Jumatatu, 22 Septemba

Wametaka.

Siwezi kuwahesabu. Bonde limejaa. Makalibu kumi na mbili, mengine wametengeneza usiku wa jana kwa mbao za kitanda. Wanaume wanakanyaga, wanawake wanafyatua, vijana wanaimba nyimbo za redioni na maneno wanayakosea. Wamwera wanawatania Wayao, Wayao wanawatania Wamakonde. Mtu kasukumwa kwenye tope, kaibuka kama chungu kibichi, akasukumwa tena.

Mjomba akatoa adhabu yangu mbele ya watu wote. Nichote maji ya kunywa ya wafanyakazi, kutoka kwenye pampu, kwa foleni, kwa siku tano, na ndoo yangu ianzie nyuma.

Nimeandika barua nyumbani: "Baba Winfrida, nimekabidhiwa idara ya maji."

Alhamisi, 25 Septemba

Shingo. Bega. Goti.

Siku nne kwenye foleni. Wanawake hawa wana mengi! Nimejua nani ana mimba, nani hajamtembelea mama mkwe, mtoto wa nani hasikii vizuri ndiyo maana darasani anaonekana mjinga. Hilo nilimwambia Winfrida jioni, akalishika kama dhahabu, leo mtoto kahamishiwa dawati la mbele.

Bi Mwamini ananibebesha kichwani kila siku, yaani ananyanyua ndoo na kuniwekea, bila mimi kuomba. Anajua na goti. Leo kaniletea mafuta ya nyonyo, kanichua mwenyewe pale pale kwenye foleni. Yamenisaidia. Sikumwambia.

Ijumaa, 26 Septemba

Elfu kumi na mbili, mia tatu na arobaini!

Nilivaa kanga mpya. Afisa elimu alishuka kwenye pikipiki, akahesabu mistari bondeni, akahesabu tena, akavua kofia. Mabati hayaendi popote! Darasa letu! Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Darasa la kwanza walikuwa wamesimamishwa mstari, wadogo kama vifaranga, wakaimba, mmoja akalala amesimama.

Afisa akamuuliza Winfrida mbele ya wote amefanyaje, maana vijiji vitatu vimeshindwa. Nikanyoosha shingo. Nikategemea kusikia malezi, nidhamu, mama. Akasema: "Nilipanga foleni ya maji tu, mzee. Yaliyobaki walinifundisha wao."

Jibu gani hilo mbele ya mkubwa! Basi nikasogea, nikamweleza afisa mwenyewe habari yote, jinsi nilivyotangulia kuamsha kijiji kwa reli, nikamfungua Mzee Halfani, nikaendesha maji. Afisa akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sasa anaelewa kwa nini mwalimu huyu ana subira kubwa hivi.

Umesikia, daftari? Kasema ni mimi!

Na kasema wiki ijayo italetwa barua ya kumthibitisha. Nililia. Siyo kidogo. Winfrida akaja kunikumbatia na tope lake lote, kwenye kanga mpya, na nikamwacha. Mwanangu! Yule aliyekuwa anaogopa kuku!

Jumapili, 28 Septemba

Nina furaha sana. Nimekaa nje ya nyumba ya mwalimu na mjomba ameniletea jogoo, yule yule mwekundu, safari hii kwa mkono wake. Tumemla na wali.

Nimefikiri sana juu ya uongozi wiki hizi, na ninaandika hapa ili wajukuu wasome. Watu ni wepesi kuwaelewa. Mimi mtu nikimtazama mara moja nimeshamjua, sihitaji kumuuliza.

Imebaki kupanga tanuru na kuchoma. Kazi ya kijiji kizima: kuni, matope ya kuziba, maji. Winfrida kaweka Jumatatu ya tarehe 6. Nikamuuliza kwa nini mbali hivyo, chuma kikiwa bado moto mkononi? Akasema matofali ya mwisho bado mabichi. Akasema pia kuna mambo ya watu Jumamosi, aliwaahidi. Hivyo ndivyo alivyo. Anawasikiliza mno! Watalala, watasahau, mvua itawakuta.

Kwa hiyo nimemsaidia. Leo yeye kaenda Ruangwa mjini kwa mambo ya ofisi, analala huko. Mimi nimeandika tangazo la tanuru kwa mwandiko wangu mzuri, chini nikaandika "Mwalimu Mkuu", maana ni kitu kimoja. Padri kasoma baada ya misa. Msikitini wamelipokea pia. Nimetuma ujumbe Marambo ili Baba Winfrida aje na Mama Lukasi aje ashuhudie kwa macho yake.

Bi Mwamini kaja hapa mbio alipolisikia, kashika kichwa. Ananiambia Jumamosi hiyo Safina wake anaolewa, kijiji kizima kimealikwa, wageni wanatoka mpaka Lindi, wali umeshapimwa, na baada ya hapo ni mfungo. Nikampa kiti. Nikampa maji. Nikamshika mkono, maana moyo wa mzazi naujua, nikamwambia pole, mama, nakuelewa kabisa, kabisa.

Halafu nikamwambia bwana harusi aje na jembe.

Jumamosi, tarehe nne Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, bondeni. Wote.